Miksa mpya ya kanisa ina kumbukumbu, lakini haina masikio

Jumapili ya pili tangu miksa mpya iwekwe, mchungaji alisimama kuomba na sauti yake haikutoka. Midomo ilikuwa yaenda, mkono uko juu, lakini spika kubwa zilikuwa kimya. Kule nyuma, kijana aliyeketi kwenye mtambo akasukuma kitelezi cha maiki ya mchungaji juu kidogo. Kimya. Akakisukuma hadi mwisho. Waumini bado hawakusikia kitu, ila spika ndogo iliyo miguuni mwa wanakwaya ikapiga mluzi mkali uliowafanya watoto wa viti vya mbele kuziba masikio.

Mtambo haukuwa umeharibika. Ulikuwa ukifanya sawasawa kile ulichoambiwa. Kijana ndiye hakujua alichouambia.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mimi si muumini wa kanisa hilo. Ni Mwislamu, na kazi yangu ya miaka mingi ni mitambo ya sauti: harusi, maulidi, mikutano ya hadhara, na taarabu pale tunapoitwa. Aliyeniita ni rafiki yangu wa tangu shuleni ambaye sasa yuko kwenye kamati ya kanisa lao hapa Kisauni. "Njoo bwana utuangalizie," aliniambia, "tumefanya harambee, mtambo umefika, na vijana wetu wauogopa." Basi nikaenda, na nikarudi Jumapili sita mfululizo.

Nayaandika haya kwa sababu mitambo ya aina hii yaingia kwa kasi katika makanisa yetu ya Pwani, na pia katika kumbi za harusi na misikiti. Ni vitu vinavyonunuliwa kwa michango ya watu wa kawaida, na mara nyingi vyaendeshwa na watu wa kujitolea ambao siku nyengine ni makarani, walimu, mafundi cherehani na wanafunzi. Mtu akinunua bila kuelewa, atapata mtambo wa laki kadhaa unaotoa sauti mbaya kuliko ule wa zamani.

Mtambo wenyewe

Walionunua walichagua Behringer X32, mojawapo ya miksa za kidijitali zinazojulikana sana makanisani duniani. Behringer ni chapa iliyoanzia Ujerumani mwaka 1989, na X32 iliingia sokoni mwaka 2012. Ina matundu 32 ya kuchomekea maiki, na vile viungo vya ndani vinavyokuza sauti ya maiki vilisanifiwa na Midas, chapa ya Kiingereza inayoheshimiwa katika kazi hii. Ina kioo cha rangi cha inchi saba, na vitelezi 25 vinavyoendeshwa na mota ndogo, yaani vyaweza kusogea vyenyewe bila kuguswa. Mara ya kwanza vijana walipoviona vikisogea, mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

Ili kuelewa tofauti, fikiri kwanza miksa ya zamani. Ile ni kama jiko la mkaa: unachokiona ndicho kilichopo. Kila maiki ina safu yake ya vitufe vya kuzungusha, kutoka juu hadi chini. Kitufe kikielekea kulia, kiko kulia. Ukiingia asubuhi na kuangalia tu kwa macho, wajua mwenzako aliacha nini jana.

Miksa ya kidijitali ni tofauti. Sauti ikiingia hupimwa mara 48,000 kila sekunde na kugeuzwa kuwa tarakimu. Kutoka hapo yote ni hesabu: kupunguza besi ni hesabu, kuongeza mwangwi ni hesabu, kupeleka sauti ya kinanda kwa mwimbaji ni hesabu. Kwa kuwa ni hesabu, seti moja tu ya vitufe yatosha kuhudumia maiki zote. Wachagua chaneli unayoitaka, na vitufe vyote vyawa vya chaneli hiyo. Ukichagua nyengine, vyabadilika.

Hapo ndipo penye faida yake kubwa, na hapohapo ndipo penye mtego wake. Mambo mengi yamefichwa. Uonacho mezani ni sehemu ndogo tu ya kinachoendelea ndani.

Kilichonifurahisha

La kwanza ni kumbukumbu. Kanisa hili lina ibada mbili za Jumapili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, zenye waimbaji tofauti, na kila ibada ina kwaya yake na wapiga vyombo wake. Zamani, kati ya ibada ya kwanza na ya pili, aliyekuwa kwenye mtambo alikuwa na dakika kumi za kuzungusha vitufe upya, na kila wiki matokeo yalikuwa mengine. Sasa kila ibada ina mpangilio wake uliohifadhiwa. Kwenye kioo wafungua sehemu iliyoandikwa Scenes, wachagua jina, wathibitisha, na vitelezi vyote vyaenda mahali pake.

La pili ni majina. Juu ya kila kitelezi kuna kioo kidogo ambacho waweza kukiandika na kukitia rangi. Tuliandika "Mchungaji", "Kwaya 1", "Kinanda", "Besi". Maiki za watu wanaozungumza tukazitia rangi nyekundu, za waimbaji kijani, vyombo buluu. Mtu mgeni akiketi pale leo, hahitaji kuuliza namba saba ni nani.

La tatu ni kukusanya. Maiki sita za kwaya twaweza kuziweka chini ya kitelezi kimoja. Kwaya ikizidi, washusha kimoja badala ya kuhangaika na sita. Vilevile kuna vitufe vya kunyamazisha kundi zima: mahubiri yakianza, kitufe kimoja chafunga vyombo vyote, na ile sauti ya mpiga gitaa akichomoa waya haisikiki tena katikati ya neno la Mungu.

La nne lahusu baraza. Siku za sikukuu watu hujaa hadi nje, na kuna spika mbili za barazani, mita 20 kutoka zile kubwa za mbele. Sauti husafiri takriban mita 347 kwa sekunde katika hewa yetu ya joto, lakini katika waya hufika papo hapo. Kwa hivyo aliyekaa barazani alikuwa akisikia kila neno mara mbili: kwanza kutoka spika iliyo karibu naye, kisha kutoka mbele. Tukaiambia miksa icheleweshe spika za baraza kwa milisekunde 58, muda ambao sauti hutumia kusafiri mita hizo 20. Maneno yakaungana. Bibi mmoja ambaye huketi palepale kila wiki alimwambia rafiki yangu kwamba siku hiyo mchungaji "ametamka vizuri".

Na la tano: wachomeka flashi juu ya mtambo na ibada yarekodiwa. Walio wagonjwa nyumbani hupelekewa jioni hiyohiyo.

Mambo mawili ya kuelewa kabla ya yote

Vijana wengi huanza na vitu vinavyong'aa: mwangwi, vichujio, michoro ya rangi kwenye kioo. Mimi niliwazuia. Jumapili ya kwanza tulishughulika na mambo mawili tu.

Jambo la kwanza ni geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti ya maiki inapoingia mlangoni. Katika miksa ya zamani, ukizidisha kidogo sauti hukwaruza polepole, na wakati mwengine hata hupendeza. Katika miksa ya kidijitali kuna dari. Dari hiyo ni sifuri kwenye kipimo, na juu yake hakuna tarakimu. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na kinachotoka ni mkwaruzo mbaya ambao hakuna kitufe cha kuuondoa baadaye. Kwa hivyo mwombe msemaji aseme kwa nguvu kama atakavyosema katika ibada, si ile "moja, mbili, moja, mbili" ya aibu. Kisha weka geini ili kipimo kicheze karibu na alama ya 18 chini ya sifuri, na vishindo vyake vipande kidogo juu ya hapo. Nafasi iliyobaki ni ya mhubiri akipandwa na roho.

Jambo la pili ni kukata sauti za chini. Kanisa hili lina feni za dari na madirisha makubwa upande wa bahari. Msimu wa kusi, upepo waingia moja kwa moja hadi kwenye mimbari, na maiki hauwezi kutofautisha upepo na sauti ya mtu. Kwenye kila chaneli kuna kichujio cha kuondoa mitetemo ya chini. Kwa maiki za kusemea tulikiweka karibu na hezi 100. Ule muungurumo uliokuwa ukifunika maneno kwa miaka ukaisha. Sauti ya binadamu haikupungua kitu, kwani maana ya maneno haiko chini huko.

Kama kanisa lako halina fedha za mtambo mpya, kumbuka kwamba miksa nyingi za zamani pia zina kitufe hicho. Huenda kimekaa pale miaka yote bila kubonyezwa.

Pale mtambo unapomnasa mtu

Sasa turudi kwa mchungaji aliyekosa sauti.

Waimbaji wanahitaji kujisikia, ndiyo maana wana spika zao ndogo mbele yao, ziitwazo monita. Kwenye X32 kuna kitufe kilichoandikwa Sends on Fader. Ukikibonyeza baada ya kuchagua monita fulani, vitelezi vyote vyaacha kuwa vya spika kubwa na vyawa vya monita ile. Ni njia nzuri sana ya kumwongezea mwimbaji kinanda. Lakini lazima ukibonyeze tena kutoka.

Kijana wetu aliingia humo wakati wa nyimbo, akamwongezea mwimbaji sauti, akasahau kutoka. Mchungaji aliposimama, maiki yake kwenye spika kubwa ilikuwa bado chini, kama ilivyostahili kuwa wakati wa nyimbo. Kijana akakiinua kitelezi chake, lakini sauti ikaenda kwenye monita, na monita ikapiga mluzi. Kadiri alivyoinua ndivyo alivyoharibu. Taa ya kitufe kile ilikuwa ikiwaka muda wote, lakini mtu aliyeshikwa na hofu haoni taa.

Mtego wa pili ni matabaka. Chaneli za maiki ni 32 lakini vitelezi vya upande wa kushoto ni 16. Kwa hivyo kuna tabaka la chaneli 1 hadi 16, na tabaka la 17 hadi 32. Kitelezi cha tatu leo ni cha mchungaji, na baada ya kubonyeza kitufe kimoja ni cha ngoma. Tulichofanya ni kuweka watu wote wanaozungumza na waimbaji wakuu katika tabaka la kwanza, ili ibada ya kawaida iishe bila kuhama tabaka hata mara moja.

Mtego wa tatu ni ile kumbukumbu yenyewe. Ukiita mpangilio uliohifadhiwa, waita kila kitu: geini, vichujio, hata ule umeme wa volti 48 unaoendesha maiki za kwaya. Ukiuita katikati ya ibada kwa bahati mbaya, wabadilisha ukumbi mzima kwa sekunde moja. Na ukihifadhi juu ya mpangilio mzuri, ule mzuri umekwenda. Jumapili ya tatu jambo hilo lilitupata: mtu alihifadhi mpangilio wa mazoezi ya Jumamosi juu ya ule wa ibada ya Kiswahili. Tulianza upya saa moja asubuhi, watu wakiingia. Tangu siku hiyo kuna nakala mbili kwenye flashi mbili. Moja yakaa na mtambo, nyengine yakaa nyumbani kwa katibu.

Mtego wa nne ni tableti. X32 yaweza kuendeshwa kwa tableti au simu kupitia ruta ya waifai unayoichomeka kwa waya. Kwa kweli hili ni jambo zuri mno. Watembea hadi kiti cha mwisho, wasikia anavyosikia mama aliyekaa pale, na warekebisha ukiwa umesimama palepale. Lakini yeyote aliyeingia kwenye waifai ile na ana programu aweza kugusa mambo. Ruta hiyo iwe ya mtambo peke yake, iwe na neno la siri, na neno hilo lisiandikwe ukutani.

Kutokana na mitego hii minne tulitoa kanuni moja, tukaibandika kwenye meza kwa karatasi iliyotiwa plastiki: "Sauti ikipotea, usiinue kitu. Toa mkono. Angalia kwanza: je, taa ya Sends on Fader yawaka? Je, niko tabaka gani? Je, chaneli imenyamazishwa?" Mambo matatu hayo yaangaliwa kwa sekunde tano, na karibu kila mara jibu liko humo.

Stima na chumvi

Vitabu vya maelezo ya mitambo hii haviandikwi na watu wa Pwani. Kuna mambo mawili hutayasoma humo kwa uzito unaostahili.

Stima ikipotea, miksa ya zamani huzimika, na ikirudi huwaka palepale ilipokuwa. Miksa ya kidijitali ni kompyuta. Ikikatikiwa umeme yahitaji muda kuwaka tena, na huenda marekebisho ya mwisho yasiwe yamehifadhiwa. Nunueni betri ya UPS ya miksa na ruta tu, si ya amplifaya, kwani amplifaya zitaimaliza mara moja. Lengo ni mtambo usizimike wakati jenereta yawashwa. Na mwisho wa ibada using'oe plagi. Fuata utaratibu wa kuzima ulioko kwenye kioo.

Mpangilio wa kuwasha ni huu: miksa kwanza, amplifaya na spika zenye nguvu zake mwisho. Kuzima ni kinyume chake: spika kwanza, miksa mwisho. Ukikosea utasikia ule mshindo mkubwa, na mshindo mmoja mbaya waweza kuchana spika.

Chumvi nayo haina haraka. Hewa ya bahari huingia katika vitelezi, katika matundu ya waya na katika vidole vya plagi, na vumbi likichanganyika nayo ndipo mkwaruzo huanza. Kanisa letu liliushonea mtambo kifuniko cha kitambaa kizito kwa fundi wa hapohapo mtaani. Plastiki peke yake si nzuri, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Kifuniko kiwekwe mtambo ukishapoa. Na chupa za maji zikae chini sakafuni, si mezani. Hata za mchungaji.

Jirani naye ana masikio

Kuna jambo rafiki yangu hakuniambia siku ya kwanza. Sababu mojawapo ya harambee ile ilikuwa malalamiko. Majirani, Waislamu na Wakristo, walikuwa wamechoka na kelele za kesha. Kamati ikaamini kwamba mtambo wa kisasa utaondoa tatizo.

Niliwaambia ukweli: mtambo huu waweza kupiga kelele zaidi ya ule wa zamani, tena kwa usafi. Kinachobadilika ni kwamba sasa waweza kuweka mpaka. Katika njia ya mwisho ya sauti, kabla haijafika kwenye spika, kuna kidhibiti kinachokataa sauti isipite kiwango ulichoweka. Mhubiri akipaza, chairudisha chini kwa upole.

Sheria ipo. Kanuni za kuzuia kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zaweka kiwango cha desibeli 50 mchana katika eneo la makaazi, nje ya nyumba, na 35 usiku. Usiku wahesabiwa kutoka saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kidogo sana. Ni kama watu kunong'ona. Kesha yenye spika kubwa haiwezi kukaa humo milango ikiwa wazi.

Basi tuliutengenezea usiku mpangilio wake wa tatu. Spika za baraza zimefungwa, besi imepunguzwa sana, na kidhibiti kimeshushwa. Besi ndiyo inayopita kuta na kumfikia jirani. Maneno huishia njiani. Nilitoka na rafiki yangu hadi ukuta wa jirani wa kwanza, tukasimama gizani tukisikiliza, yeye na tableti mkononi, akishusha kidogo kidogo mpaka kilichobaki kikawa mlio wa panzi na mtu akikohoa dirishani. Ndani, wenye kesha walisikia vizuri kama kawaida.

Kuna na masikio ya wenyewe waumini. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, NIOSH, hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Yaani ukifika 94, umebakiwa na saa moja tu. Ibada nyingi huchukua zaidi ya hapo, na watoto huketi mbele karibu na spika.

Mzee na vijana

Nimeacha jambo gumu mwisho.

Kwa miaka mingi aliyekuwa akiendesha sauti ya kanisa hili ni mzee mmoja, fundi wa redio wa zamani. Miksa ya zamani alikuwa akiijua kama mkono wake. Mpya ilipofika, kamati ikateua vijana watatu, na hakuna aliyemwambia mzee neno. Jumapili ya kwanza alikuja, akautazama mtambo, akaenda kuketi katikati ya waumini. Vijana walifurahi. Mimi sikufurahi.

Mtambo huu wakumbuka kila kitu, lakini haujui kitu. Utahifadhi sauti mbaya kwa uaminifu uleule utakaohifadhi sauti nzuri, na utairudisha kila wiki bila kuchoka. Mtu wa kuuambia ipi ni nzuri lazima awe ameisikiliza miaka mingi. Vijana wale wajua kioo. Kwa siku mbili walikuwa wamenipita katika kutafuta vitu. Lakini kwaya ilipoanza hawakusikia kwamba sauti ya kati imepotea.

Jumapili ya nne nilimfuata mzee kitini. Nikamwamkia, nikamwomba aje atusaidie. Alisema, "Mwanangu, mimi hicho kioo sikioni." Nikamwambia, "Kioo watakiona wao, mzee. Wewe tuambie unasikia nini." Akaja, akaketi kando ya kijana, mikono mapajani. Nusu ya wimbo wa kwanza akasema, "Yule mama wa kushoto, maiki yake iko mbali na mdomo, tena ina besi nyingi. Mpunguzie chini, umwongeze kidogo." Kijana akafanya. Sauti ya mama yule ikatokea, nikaona watu wawili wa mbele wakigeuka kutazama nani anaimba.

Sasa kanisa lina zamu. Kila Jumapili kuna mmoja wa mtambo na mmoja wa kusikiliza, na hawabadilishani katikati ya ibada. Mzee hayuko kila zamu, lakini mpangilio wa kila ibada hauhifadhiwi upya mpaka aukubali.

Kabla ya harambee yenu

Kama kamati yenu yafikiria kununua, haya ndiyo ninayowashauri.

Hesabuni maiki na vyombo vyenu kwanza. Kanisa la maiki nane halihitaji miksa ya maiki 32. Kuna ndogo kama XR18 ya chapa hiyohiyo, yenye maingizo 18, ambayo haina vitelezi kabisa na huendeshwa kwa tableti. Ni rahisi kubeba na bei yake ni nafuu. Lakini kama wanaoendesha ni watu wa makamo waliozoea kushika kitu kwa mkono, kioo kitupu kitawasumbua. Chapa nyengine kama Yamaha, Allen & Heath na Soundcraft zina mitambo yao, na mantiki yake ni ileile niliyoeleza hapa.

Tengeni sehemu ya fedha kwa vitu visivyoonekana: UPS, waya nzuri, kifuniko, ruta. Waya mbovu itakwaruza kwenye mtambo wa laki tatu kama ilivyokwaruza kwenye wa elfu ishirini.

Angalieni ukumbi. Kuta za saruji na paa la mabati huirudisha sauti kila upande, na hakuna miksa inayoondoa mwangwi wa jengo. Mapazia mazito na mikeka ukutani yaweza kufanya kazi kubwa kuliko mtambo wenyewe.

Na wafundisheni watu wasiopungua watatu, siku ambazo si za ibada, ukumbi ukiwa mtupu na hakuna wa kumwonea haya. Acheni wakosee hapo. Mwacheni mmoja apoteze sauti makusudi na mwenzake aitafute. Kijana wetu wa Jumapili ya pili ndiye sasa mwepesi kuliko wote katika mchezo huo. Huondoa mkono, huangalia taa, na huipata kabla sijamaliza kuhesabu hadi tano.